Soli Inayoserereka: Namna ya Kuchagua Malighafi na Kubadili Kiatu cha Kawaida Kiwe cha Dansi

Mtu anayejifunza rumba au salsa kwa kawaida huanza na raba alizonazo nyumbani, na kwa wiki chache za mwanzo huamini kwamba hana kipaji, kwa sababu kila anapotaka kuzunguka mwili unageuka lakini kiatu kinabaki pale pale. Mara nyingi kosa ni la kiatu. Soli ya mpira imetengenezwa ili ing'ang'anie ardhi, na inapong'ang'ania wakati kiwiliwili kimeshaanza kugeuka, nguvu yote ya mzunguko huishia kwenye goti, kiungo ambacho kimeumbwa kukunjwa na kukunjuliwa lakini hakivumilii kusokotwa. Nimekuwa nikibadili soli za viatu vya wachezaji, vyangu vikiwa vya kwanza, na katika mwongozo huu naeleza malighafi zinazofaa, namna ya kuzipima kwa vifaa vya nyumbani, na hatua za kuzibandika ili zisibanduke katikati ya wimbo.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Soli nzuri ya dansi si ile inayoteleza kuliko zote. Ni ile ambayo mchezaji anaweza kuanzisha utelezi wake na kuusimamisha kwa uzito wa mwili wake, katika sakafu anayoijua. Kila uamuzi utakaousoma hapa, kuanzia aina ya ngozi hadi ukubwa wa kiraka, unatokana na jambo hilo.

Kinachotokea chini ya kiatu

Msuguano baina ya soli na sakafu hupimwa kwa namba inayoitwa kizigeu cha msuguano, yaani nguvu inayohitajika kukiburuza kitu ikigawanywa kwa uzito wa kitu hicho. Kiatu kinachobeba kilo 10 na kuburuzwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3 kina kizigeu cha 0.3. Mpira juu ya saruji kavu huwa na kizigeu cha takriban 0.6 hadi 0.85, na wakati mwingine huzidi hapo. Plastiki ya PTFE, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Teflon kutokana na vikaango, ina kizigeu cha kati ya 0.04 na 0.1 ikisuguana na chuma kilichong'arishwa, na ni miongoni mwa malighafi yabisi zenye msuguano mdogo kuliko zote. Nchini Marekani namba 0.5 imetumika kwa miaka mingi kama kizingiti cha sakafu salama ya kutembelea. Mimi hutafuta soli ya dansi yenye kizigeu cha kati ya 0.25 na 0.4 katika sakafu itakayochezewa, kwa kuwa chini ya hapo mchezaji wa kawaida huanza kukaza misuli ya paja kwa hofu ya kuanguka, na juu ya hapo goti huanza kulipa gharama.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalitilii maanani, nalo ni upana wa sehemu inayogusa sakafu. Kiatu kinapoburuzwa kwenda mbele, upana huo hauleti tofauti kubwa, lakini kinapozungushwa mahali pamoja huleta tofauti kubwa sana, kwa sababu kila chembe ya soli iliyo mbali na kitovu cha mzunguko hupinga kwa nguvu zaidi, kama vile mtu anayeshika mpini mrefu wa kufungulia nati. Chukua soli ya mpira yenye kizigeu cha 0.8 inayogusa sakafu kwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 4, kisha uilinganishe na kiraka cha ngozi chenye kizigeu cha 0.3 na nusu kipenyo cha sentimita 2.5. Kwa mchezaji yule yule, kiraka kinahitaji chini ya robo ya nguvu ya kuzungusha inayohitajiwa na mpira. Ndiyo maana mara nyingi kiraka kidogo kilichowekwa mahali panapostahili hutosha, na hakuna haja ya kubadili soli nzima.

Pima kabla ya kukata chochote

Anza kwa kupima kiatu ulicho nacho. Tafuta mizani ya ndoano, ile ambayo wasafiri hupimia mizigo, weka pakiti ya kilo 2 ya unga au sukari ndani ya kiatu, funga kamba mbele, kisha ukivute taratibu kwa mlalo juu ya sakafu halisi utakayochezea. Soma namba mara mbili: mara kiatu kinapoanza kuondoka, na tena kinapokuwa kwenye mwendo wa polepole. Pima pia uzito wa kiatu pamoja na mzigo wake, kisha ugawanye. Kama vyote kwa pamoja vina kilo 2.5 na mizani inasoma kilo 0.75, kizigeu chako ni 0.3. Tofauti ya zile namba mbili nayo ina maana yake: inapokuwa kubwa, soli itakwama kisha itaachia kwa mshtuko, na mchezaji atahisi kama anavutwa na mtu.

Asiye na mizani atumie ubao wenye urefu wa sentimita 100. Kiatu huwekwa juu yake, ncha moja ya ubao ikabaki chini na nyingine ikainuliwa polepole hadi kiatu kianze kuserereka. Kikiondoka ncha ikiwa imefika kimo cha sentimita 20 kizigeu ni takriban 0.2, sentimita 29 ni 0.3, sentimita 37 ni 0.4 na sentimita 45 ni 0.5. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inapima ubao wako, haipimi ukumbi wako. Vilevile, mpira hubadilika kulingana na mgandamizo, kwa hiyo namba utakayopata kwa mzigo wa kilo 2 isichukuliwe kuwa ndiyo namba ya mtu mzima aliyesimama. Itumie kulinganisha malighafi moja na nyingine, na kwa kazi hiyo inatosha kabisa.

Kabla ya kununua ngozi, fanya jaribio la bei rahisi. Chukua soksi nzito ya pamba, ikate nusu ya mbele, uivishe juu ya kiatu upande wa vidole na ucheze nayo nyimbo mbili tatu nyumbani, ukiwa karibu na ukuta wa kushika. Utajua mara moja kama mwili wako unahitaji utelezi mwingi au mdogo, na kisigino kilichoachwa na mpira kitakufundisha thamani ya breki. Wako wanaobandika mkanda mpana wa gundi chini ya soli, na kweli unateleza, lakini gundi yake hulainika kwa joto la msuguano na kuacha madoa yanayonata kwenye sakafu ya watu. Sipendekezi njia hiyo hata kwa usiku mmoja.

Malighafi na sakafu zake

Swali la malighafi ipi ni bora halina jibu mpaka sakafu itajwe, kwa kuwa msuguano huzaliwa na pande mbili.

Suedi ndiyo malighafi ambayo viatu vingi vya dansi ya ukumbini hutengenezewa. Ngozi ya ng'ombe hupasuliwa kwa unene wake kuwa matabaka. Tabaka la juu lililokuwa na vinyweleo huenda kwenye viatu na mikoba, na tabaka la chini husuguliwa mpaka litoe malaika mafupi, yaani zile nyuzi laini unazozihisi ukipitisha kidole. Malaika hayo ndiyo siri yake. Yakiwa yamesimama hushika kidogo, yakilala huserereka, na mchezaji huweza kuchagua kwa kuyapiga brashi. Tafuta suedi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu, ambayo huwa laini na hupindika bila kupasuka. Utaitambua kwa kutazama ukingo uliokatwa, kwa kuwa kama haikutiwa rangi hadi ndani huonyesha weupe wenye ubuluu au ukijivu. Unene unaofaa ni milimita 1.5 hadi 2.5.

Asiyepata suedi ya soli kwa muuza ngozi asikate tamaa. Aproni na glavu ndefu za ngozi wanazovaa mafundi wa kuchomelea vyuma, zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa kawaida ni ngozi ya ng'ombe ya tabaka la chini iliyotengenezwa kwa kromiamu, yaani ni suedi ile ile. Huwa nyembamba kuliko soli ya dukani na hivyo huisha mapema, lakini aproni moja hutoa jozi kadhaa. Chagua sehemu iliyo bapa na yenye unene unaolingana, na uepuke mishono na sehemu zilizolegea.

Suedi hufanya kazi vizuri sana kwenye sakafu ya mbao, na vizuri pia kwenye terazo na kwenye saruji laini iliyong'arishwa kwa nta nyekundu, sakafu ambayo wengi wetu tumekulia juu yake. Kwenye saruji yenye chembe mbaya hulika haraka na kugeuka vumbi. Mtu anayecheza muziki wa dansi kwenye baa ya wazi yenye sakafu ya saruji isiyosuguliwa atafaidika zaidi na soli ya ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama vile magome ya miwati inayopandwa katika nyanda za juu za Njombe na sehemu za Kenya. Ngozi hiyo ni ya kahawia hadi ndani, imeshikamana, na uso wake laini huserereka juu ya mikwaruzo badala ya kunaswa. Hiyo hiyo, ukiipeleka kwenye vigae vinavyong'aa, itakuangusha. Hapo rudi kwenye suedi iliyopigwa brashi mpaka malaika yakasimama.

Feltu ya sufu iliyogandamizwa, ile inayobandikwa chini ya miguu ya viti ili visikwaruze sakafu, huserereka vizuri kwenye mbao na vigae na haitoi sauti. Ubaya wake ni kwamba hukusanya nywele na mchanga, na huchakaa isivyo sawa. Naitumia kwa viatu vya mazoezi ya nyumbani tu. Naironi na poliethilini ngumu, ambayo ndiyo hutengenezewa vibao vyeupe vya kukatia nyama, huserereka na kudumu sana, ila hazipindiki pamoja na mguu na gundi ya viatu haizishiki. Kuhusu PTFE nitaeleza baadaye peke yake, kwa kuwa watu huikimbilia kwa sababu ya namba yake ndogo bila kujua inavyofanya kazi.

Kiatu kinachofaa kubadilishwa

Kiatu kiwe kinakushika sawasawa bila kukubana, kwa sababu mguu unaoteleza ndani ya kiatu kinachoteleza juu ya sakafu ni hatari maradufu. Soli iwe nyembamba, bapa na inayopindika penye mpira wa mguu, yaani pale panapovimba nyuma ya kidole gumba. Kiatu cha soli ya ngozi ndicho rahisi kuliko vyote. Raba za turubai zenye soli ya mpira halisi hufaa pia. Viatu vya kukimbilia vyenye soli nene ya povu na makucha marefu viache, kwa kuwa makucha yakiondolewa unabaki na povu, na yasipoondolewa gundi itashika ncha zake tu na soli mpya itabanduka siku ya kwanza.

Angalia pia soli imetengenezwa kwa nini. Gundi ya kawaida ya fundi viatu, ile ya njano inayopakwa pande zote mbili, hushika ngozi na mpira halisi vizuri. Soli za PVC zina mafuta ya kulainishia ambayo hupenya polepole na kuilegeza gundi hiyo. Hizo zinahitaji gundi ya poliurethani. Kama huna hakika, bandika kipande kidogo cha ngozi chini ya unyayo, pale pasipogusa sakafu, ukiache siku mbili kisha ukivute kwa koleo. Ngozi ikichanika kabla ya gundi kuachia, endelea. Gundi ikitoka kama utando unaonata, badili gundi au badili kiatu.

Hatua za kubandika

Hatua ya kwanza ni kujua mguu wako unazungukia wapi. Paka unga wa chaki chini ya kiatu, simama kwenye sakafu yenye rangi nyeusi, zunguka mara moja kwa kila mguu, kisha geuza kiatu utazame chaki imefutika wapi. Wengi hudhani wanazungukia ncha ya vidole, na chaki huonyesha ni nyuma kidogo ya hapo, upande wa kidole gumba. Chora duara kuzunguka alama hiyo. Kama unataka kiraka tu, hapo ndipo kitovu chake. Kama unataka soli nzima ya mbele, alama hiyo itakusaidia kuhakikisha mshono au kiungio hakiangukii hapo.

Hatua ya pili ni kukata. Chora umbo la soli kwenye karatasi ngumu ya boksi, ulikate, ulijaribu chini ya kiatu, na ndipo ulihamishie kwenye ngozi ukiongeza milimita 3 kila upande. Kumbuka kwamba malaika yatatazama chini, kwa hiyo ukichora upande wa nyuma wa ngozi, kushoto na kulia hubadilishana. Andika herufi kabla ya kukata. Ngozi huvutika kidogo zaidi kwa upana wa mnyama kuliko kwa urefu wa uti wa mgongo, hivyo ivute kwa mikono kujua mwelekeo usiovutika, na urefu wa kiatu ufuate mwelekeo huo. Soli iliyokatwa kinyume hupanuka baada ya miezi michache na kuning'inia ubavuni kama ulimi.

Hatua ya tatu ni kusugua soli ya zamani, na ndiyo hatua ambayo nakuomba usiifanyie haraka. Tumia msasa namba 60 au 80, au mashine ya fundi, mpaka mng'ao wote uondoke na uso uwe na mikwaruzo inayolingana kila mahali. Mpira mpya huwa na utando wa nta au dawa ya kutolea kwenye kalibu, na gundi haipenyi hapo. Sugua pia upande wa nyuma wa ngozi kwa wepesi ili unyanyue nyuzi. Vaa barakoa, kisha futa vumbi kwa kitambaa chenye asetoni au petroli kidogo, mbali kabisa na moto, na uache pakauke.

Hatua ya nne ni gundi. Ipake kwa tabaka jembamba kwenye soli na kwenye ngozi. Ngozi hunywa gundi, kwa hiyo ipe tabaka la pili lile la kwanza likishakauka. Kisha subiri. Kwa kawaida dakika 10 hadi 15 hutosha, lakini Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, muda huo huwa mrefu zaidi. Kipimo cha kuaminika ni mgongo wa kidole: gundi iwe inahisika kunata lakini haifuati kidole. Fundi anayebandika gundi ikiwa bado mbichi hufungia ndani kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoiweka gundi katika hali ya majimaji, na kiyeyushi hicho huendelea kulainisha kiungio kwa siku nyingi. Fanya kazi hii nje au penye dirisha wazi, kwa kuwa gundi hizi nyingi zina kiyeyushi kiitwacho toluini, na mvuke wake huumiza kichwa na, kwa anayeuvuta kila siku, huharibu mishipa ya fahamu. Watoto wasikae karibu.

Hatua ya tano ni kukutanisha. Gundi hii haikupi nafasi ya pili. Ngozi ikigusa soli imeshika. Anza katikati ya mpira wa mguu, kisha shuka kuelekea vidoleni na urudi kuelekea unyayo, ukikandamiza kwa kidole gumba ili hewa itoke pembeni. Weka kiatu kwenye kalibu, au ukijaze matambara yaliyoshindiliwa, na ugonge soli nzima kwa nyundo yenye uso bapa. Nguvu ya mgandamizo ina uzito kuliko muda wa mgandamizo, kwa hiyo gonga kwa uthabiti, hasa kwenye kingo. Baada ya hapo kiatu kipumzike saa 24 bila kuvaliwa.

Hatua ya sita ni kingo, na hapa ndipo kazi ya fundi mzuri hutambulika. Kata ziada kwa kisu kikali ukifuata ukingo wa kiatu, halafu punguza unene wa ngozi kwa mshazari upande wa vidole, ili soli isiwe na kizingiti kinachojikwaa kwenye ubao wa sakafu. Kiraka cha duara kipunguzwe hivyo hivyo kuzunguka pande zote. Kama unaweza, pitisha mshono wa mkono wa sentimita 5 au 6 kwenye ncha ya mbele, ukizika uzi ndani ya mfereji mdogo uliochongwa kwenye ngozi ili usisuguliwe, kwa sababu soli karibu zote huanza kubanduka kutoka hapo.

Kisigino nakiacha na mpira wake. Wako wanaofunika kiatu chote kwa suedi, na kwa mchezaji mzoefu katika ukumbi wa mbao hilo ni sawa, lakini katika kumbi zetu, ambapo mtu hutoka kwenye mbao akaingia kwenye vigae kwenda kaunta, kisigino cha mpira ndicho kinachomzuia asianguke na soda mkononi. Ikiwa soli mpya ya mbele imeongeza milimita 2, kisigino kiongezwe kiasi hicho hicho cha mpira mwembamba ili mgongo usilalie nyuma.

Kuhusu PTFE na mguu unaoburuzika

PTFE iligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa kampuni ya DuPont, na sifa ile ile inayoifanya iserereke ndiyo inayoifanya isishikwe na gundi. Anayetaka kuibandika sharti anunue karatasi ambayo upande mmoja umechubuliwa kwa kemikali kiwandani, au aishone na kuizungushia ukingo wa ngozi. Isikatwe kwa kisu cha moto wala mabaki yake yasichomwe, kwa kuwa ikipashwa joto kupita kiasi hutoa mvuke wenye sumu. Wachezaji wa curling, mchezo wa kusukuma jiwe juu ya barafu, huvaa PTFE chini ya mguu mmoja na mpira chini ya mwingine, na wachezaji wa bowling, mchezo wa kuviringisha tufe ili kuangusha pini, wanaotumia mkono wa kulia huserereka kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukishika. Michezo yote miwili imefikia jibu lile lile: utelezi mkubwa unahitaji breki iliyo karibu nao. Kwa dansi natumia PTFE mahali pamoja tu, nayo ni kiraka cha kipenyo cha sentimita 3 hivi kwa mtu anayecheza kwenye saruji mbaya, ambapo ngozi hulika kwa wiki chache.

Kuna matumizi mengine ambayo hayana muziki na ambayo kwangu yana thamani kubwa zaidi. Mtu aliyepata kiharusi mara nyingi hubaki na mguu usioinua vidole vizuri, na ncha ya kiatu chake hunaswa na sakafu kila hatua. Kipande cha ngozi ngumu yenye uso laini, kilichobandikwa na kushonwa kwenye ncha ya kiatu cha mguu ule peke yake na kupanda kidogo juu ya vidole, huiwezesha ncha hiyo kupita bila kunaswa. Kipande kiwe kidogo, kisifike penye mpira wa mguu ambapo mgonjwa husimamia, na mtaalamu wa fiziotherapia anayemhudumia amwone akitembea nacho kabla hajaachiwa akitumie peke yake. Hatua za kubandika ni zile zile nilizoeleza.

Matunzo

Suedi mpya icheze saa moja au mbili kabla hujaihukumu, kwa kuwa malaika huwa bado yamesimama. Baada ya muda itakusanya nta na vumbi la sakafu, itang'aa, na itaanza kuteleza kupita kiasi. Hapo chukua brashi ya waya mwembamba na uipige kwa mwelekeo mmoja, kutoka kisigino kwenda vidoleni, mpaka rangi yake ya asili irudi. Usipige brashi kila siku, kwa maana kila pigo hutoa ngozi.

Usitembee nje na soli ya suedi. Mchanga wa barabarani huingia ndani ya malaika na kuigeuza soli kuwa msasa, na atakayeumia ni mwenye ukumbi. Maji nayo huyalaza malaika, na ngozi ikikauka huwa ngumu. Ikilowa, iache ikauke kivulini, kamwe si juani wala karibu na jiko, kisha uipige brashi. Beba viatu kwenye mfuko wa kitambaa, kwa sababu mfuko wa plastiki hufungia jasho.

Poda ya watoto, nta ya mshumaa na dawa za kupulizia zenye silikoni ziache kabisa. Poda humwagika na kumwangusha jirani yako ambaye soli yake inateleza tayari. Nta huhamia sakafuni. Silikoni hupenya kwenye ngozi, na siku utakapotaka kubadili soli hakuna gundi itakayoshika.

Soli ibadilishwe pale ngozi inapobaki na unene wa nusu ya ule wa mwanzo kwenye kitovu cha mzunguko, bila kusubiri itoboke, kwa kuwa tundu likifikia mpira wa chini mguu utaserereka upande mmoja na kukwama upande mwingine katika hatua ile ile. Kuibandua, ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika chache mpaka gundi ilegee, uivute taratibu kuanzia unyayo, ukwangue gundi ya zamani, na urudi kwenye hatua ya tatu.